Mashua ya ukutani na mto ulio nyuma ya nyumba

MGENI anayekaribishwa sebuleni katika nyumba nyingi za mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, iwe ni Kaloleni, Makongeni, Jericho au Buruburu, huenda akayaona maji kabla hajaletewa chai. Yako ukutani: ziwa tulivu la rangi ya samawati, milima yenye theluji upande wa nyuma, na mashua yenye tanga jeupe inayoelea pasipo haraka. Chini ya picha hiyo pana kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, au maneno ya Zaburi ya 23 yaliyochapishwa kwa hati za mapambo.

Picha za namna hiyo zimeuzwa kwa miaka mingi na wachuuzi wanaozitandaza kando ya barabara, na zimetundikwa juu ya makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono. Wengi wa wenye nyumba hawajapata kupanda mashua ya tanga. Hata hivyo picha haiondolewi. Kuta zinapopakwa rangi upya, huteremshwa, hufutwa vumbi na kurudishwa kwenye msumari wake.

Kwa nini mtu anayeishi karibu kilomita 500 kutoka baharini, na ambaye mto ulio jirani naye haukaribiki kwa harufu, akachagua kupumzisha macho yake juu ya maji? Sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya picha zenyewe, historia ambayo haikuwa ya watu matajiri wala ya maji safi kama wengi wanavyodhani.

Starehe ya majini kama jambo la watu wa kawaida, na kama jambo linalostahili kuchorwa, haina umri mkubwa. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walipochora maji, mara nyingi walichora vita vya merikebu, dhoruba, wavuvi kazini au miungu ya hadithi za kale. Kuelea kwa ajili ya raha tu kulikuwa anasa ya wafalme na mabwana wenye mashamba.

Kilichobadilisha mambo ni reli. Mwaka 1837 ilifunguliwa njia ya kwanza ya abiria kutoka Paris kuelekea Saint-Germain, na katika miongo iliyofuata karani, mshonaji na fundi wa karakana waliweza kupanda treni Jumapili asubuhi, wakashuka kando ya Mto Seine, wakakodi mashua kwa saa chache na kurejea mjini jioni.

Magazeti ndiyo yaliyotangulia kuwachora. Katika miaka ya 1840 Honoré Daumier, mchoraji wa vibonzo wa gazeti la Le Charivari, aliwadhihaki waogaji na wapiga makasia hao wa Jumapili, watu wa mjini waliojitia ubaharia ilhali hawajui hata kushika kasia. Kejeli hizo zina faida yake leo. Zinaonyesha kwamba umati ulikuwa umekwisha kufika mtoni wakati wachoraji wa turubai wangali wakitafuta mada katika vitabu vya historia.

Wachoraji waliwafuata baadaye. Wakati wa kiangazi cha 1869, Claude Monet na Pierre-Auguste Renoir, vijana ambao hawakuwa wamefika miaka 30, walikaa bega kwa bega huko La Grenouillère, mahali pa kuogelea na kukodi mashua karibu na Croissy palipokuwa na mkahawa uliojengwa juu ya maji. Jina hilo lina maana ya dimbwi la vyura. Monet alikuwa hohehahe wakati huo, akiwaandikia marafiki barua za kuomba msaada. Turubai yake ya mahali hapo iko leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, na ya Renoir iko Stockholm.

Kilichowapa kazi ngumu ni maji yenyewe. Maji yanayotikisika hayana rangi ya kudumu, kwani huchukua vipande vya mbingu, vya miti na vya nguo za watu, kisha huvivunja mara moja. Monet aliacha kulainisha rangi kwa brashi kama alivyofundishwa, akaziweka kwa mikwaju mifupi, mipana, kando kwa kando, ili jicho la mtazamaji lenyewe liziunganishe. Mbinu iliyokuja kupewa jina la Impressionism ilikomaa kwa kiasi kikubwa juu ya mto wa mapumziko ya Jumapili. Ilisaidiwa na kitu kidogo sana: rangi ya mafuta iliyotiwa katika vibweta laini vya madini, uvumbuzi wa mwaka 1841, ambayo mtu aliweza kuitia mfukoni na kwenda nayo nje.

Picha mashuhuri kuliko zote za aina hiyo huenda ni ya Renoir ya mwaka 1880 hadi 1881, inayoonyesha marafiki zake wakimaliza chakula cha mchana kwenye roshani ya mkahawa wa Fournaise huko Chatou. Iko Washington, katika mkusanyiko wa Phillips, ulioinunua mwaka 1923. Kuna divai, zabibu, kofia za mkeka na mbwa mdogo anayebembelezwa na mwanamke aliyekuja kuwa mke wa mchoraji. Mto wenyewe hauonekani ila kwa vipande, nyuma ya majani, na matanga machache. Ni picha nzuri mno, na pengine uzuri huo ndio kasoro yake: hakuna aliyechoka, wala hakuna anayewaza kuhusu Jumatatu.

Anayemfaa zaidi msomaji wa Eastlands ni Georges Seurat. Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 24, alimaliza turubai yenye upana wa mita tatu na kimo cha mita mbili, akaiita Waogaji wa Asnières. Wasimamizi wa maonyesho rasmi ya Paris waliikataa. Leo iko katika jumba la National Gallery mjini London.

Wanaoonekana humo ni wanaume na wavulana wa tabaka la wafanyakazi. Mmoja amelala ubavu na kofia yake ya duara, mbwa akiwa nyuma yake. Mwingine ameketi ukingoni, miguu majini, mabega yameinama, nguo na viatu vyake vimekusanywa nyuma yake. Hakuna anayezungumza na mwenzake. Wamechoka uchovu ule wa siku ya mapumziko ambao mtu yeyote wa Makongeni au Mukuru anaufahamu, wakati mwili unapopata nafasi ya kukumbuka wiki nzima.

Nyuma yao, pale ambapo mchoraji mwingine angeweka vilima, Seurat ameweka daraja la reli na mabomba ya moshi ya viwanda vya Clichy. Na kando, kwenye maji yale yale, kivuko kidogo chenye bendera ya Ufaransa kinawavusha bwana mwenye kofia ndefu na bibi mwenye mwavuli kuelekea kisiwa cha Grande Jatte. Kisiwa hicho ndicho alichokichora katika turubai yake iliyofuata, aliyoimaliza mwaka 1886 na ambayo sasa iko Chicago, ikiwa na watu waliovalia mavazi rasmi wakitembea chini ya vivuli vya miti. Ni mto mmoja, ila kila tabaka lina ukingo wake.

Lipo jambo moja ambalo hata Seurat hakulichora. Katika miaka hiyo bomba kuu la maji taka ya Paris, lililojengwa wakati mji ulipopangwa upya chini ya Haussmann, lilikuwa likimwaga uchafu wake mtoni huko huko Clichy, karibu na mahali vijana wale walipokuwa wakioga. Paris ilikuwa imejisafisha kwa kuusukuma uchafu upande wa chini wa mto, ambako ardhi ilikuwa ya bei nafuu, viwanda vilikuwa vingi na wakazi walikuwa wafanyakazi.

Mpangilio huo wa mji si mgeni kwa mkazi wa Eastlands. Nairobi nayo ilizaliwa na reli, iliyofika mwaka 1899 mahali palipokuwa na maji. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kimaasai yanayohusu maji baridi. Reli ilijenga makazi ya wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni. Serikali ya mji ikafuata kwa mitaa ya Waafrika upande wa mashariki, Kaloleni ikijengwa katika miaka ya 1940, kisha Bahati, Ofafa, Mbotela na mingine. Upande huo wa mashariki ndio upande wa chini wa mto.

Mto Nairobi hupita Gikomba na Pumwani, ukakata katikati ya mitaa hadi Kariobangi, Korogocho na Dandora, ukipokea Mto Mathare njiani. Mto Ngong hutoka upande wa Kibera, ukapita Eneo la Viwanda na Mukuru, kabla ya kuungana nao huko mbele. Jaa la taka la Dandora, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na kutangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, liko karibu na ukingo, na lingali likipokea taka. Maji hayo hatimaye huingia Mto Athi, yakaitwa Galana kisha Sabaki, na kutokea baharini kaskazini mwa Malindi, ambako watalii hupigwa picha.

Mtaa mmoja wa Eastlands unaitwa Ziwani. Asiyeujua atadhani ana bahati ya kuona mashua.

Kwa kuwa maji ya karibu hayakuwapa watu starehe, starehe ilitafutwa kwingine, na picha zikaitengeneza pale ilipokosekana. Chombo cha kwanza kilikuwa pazia la studio. Albamu za familia za miaka ya 1960 hadi 1980 zimejaa picha zilizopigwa katika studio za River Road na za vituo vya maduka mitaani, mwenye picha akiwa amesimama mbele ya kitambaa kilichochorwa minazi, mawimbi na meli kubwa. Wachoraji wa mapazia hayo hawakutia sahihi kazi zao, na wengi wao majina yao yamepotea. Walichora bahari ya kukisia, yenye upeo ulionyooka kama rula.

Mfano ulioandikwa vizuri zaidi uko Mombasa. Mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend alichunguza wapiga picha waliofanya kazi karibu na kivuko cha Likoni katika miaka ya 1990, wengi wao wakiwa wamehamia pwani kutoka bara, kama walivyokuwa wateja wao. Mteja alisimama hatua chache tu kutoka kwenye bahari ya kweli, lakini akapigwa picha mbele ya bahari iliyochorwa na meli ya kifahari iliyochorwa. Ghasia za Agosti 1997 huko Likoni ziliwatawanya wengi wa watu wa bara waliokuwa wakiishi na kuchuma huko.

Anayecheka uchaguzi wa mteja huyo hajawahi kupanda feri ya Likoni saa moja asubuhi. Feri ya kweli ni kazi: msongamano, mikokoteni, jasho na hofu ya kuchelewa. Meli ya pazia ni wakati usiodaiwa na mtu. Mteja alitaka nyumbani wamwone akiwa na nafasi ya kusafiri pasipo kutumwa na mwajiri, na jambo hilo pazia lilieleza waziwazi kuliko bahari. Vijana wa Seurat, wakiwa wamekaa bila kufanya lolote kwa mita tatu za turubai, wanaeleza jambo hilo hilo.

Chombo cha pili kilikuwa Bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa mwaka 1969. Ziwa lake la kuchimbwa na mashua zake za kukodi liliwapa watu wa Eastlands kile ambacho treni ya Saint-Germain iliwapa watu wa Paris. Siku ya Krismasi au ya Pasaka familia ilipanda basi hadi mjini, watoto wakiwa na nguo mpya na miwani ya plastiki, ikapiga foleni kwa ajili ya mzunguko mfupi majini, na mpiga picha aliyekuwa akizurura na kamera shingoni akamaliza shughuli. Picha hizo, baba akishika kasia kwa ukakamavu na mama akishika ukingo kwa mikono miwili, ziliendelea kuongezeka katika albamu hadi bustani ilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2021. Kwa wengi huo ndio usafiri pekee wa majini waliopata kuufanya.

Starehe ya majini ya namna ya Renoir, yenye matanga na klabu, ilikuwepo Nairobi pia, ila si kwa wote. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mapema miaka ya 1950 kati ya Lang'ata na Kibera, lilikuwa na mashua za tanga na mashindano, kwanza zikiwa za Wazungu wa koloni, na baada ya uhuru zikiwa za wenye uwezo wa kulipia uanachama. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 gugumaji na maji taka yalikuwa yamelishinda. Kutoka hapo ndipo Mto Ngong huendelea kuelekea Mukuru, kwa hiyo kilicholiua bwawa hakikuishia bwawani.

Huko Eastlands, maji wanayoyafikia watoto kwa urahisi hayachorwi wala hayapigwi picha. Ni machimbo ya mawe ya Njiru, Kayole, Dandora na Mihang'o, yaliyotoa mawe ya kujengea Nairobi na kuachwa wazi. Mvua inapoyajaza hugeuka mabwawa yenye kina kisichopimika kwa macho, kuta za mwamba mtupu na mahali pachache pa kushika. Mvulana anayevua nguo na kuziweka juu ya jiwe mchana wa likizo anafanya lile lile alilofanya yule wa Asnières. Taarifa za watoto waliozama katika machimbo hayo zimerudi magazetini karibu kila msimu wa mvua, na wazazi wamedai mara kwa mara kwamba yazungushiwe ua au yafukiwe.

Juhudi za kuurudisha mto zina historia ndefu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake Gigiri, lilianzisha mpango wa bonde la Mto Nairobi mwaka 1999. John Michuki, waziri ambaye kanuni zake za mwaka 2004 zilizifuta picha nyingi zilizokuwa zikipamba matatu za Eastlands, alipokabidhiwa wizara ya mazingira mwaka 2008 aliushughulikia mto kwa ukali ule ule. Bustani iliyopewa jina lake iko karibu na mzunguko wa Globe. Ina nyasi, njia za miguu na mto unaosikika ukipita. Mto huo huo ukishuka hadi Gikomba, umbali mfupi tu, hakuna nyasi wala njia.

Machi 2025, Rais William Ruto alizindua huko Korogocho mradi wa kuufufua mto kwa gharama iliyotajwa kuwa Sh50 bilioni, ukilenga umbali wa takriban kilomita 27, pamoja na mabomba ya maji taka, nyumba, masoko na njia za kutembea kwenye kingo. Michoro ya miradi ya aina hii hufanana popote duniani, nayo ni jamaa wa karibu wa picha ya sebuleni: maji ya samawati, miti iliyopangwa, mama na gari la mtoto. Inastahili kutazamwa kwa makini kama turubai yoyote, hasa kwa kuangalia ni nani aliyewekwa ndani yake.

Swali hilo si la nadharia. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, wakazi waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka mitoni, wakiwemo wa Mathare na Mukuru, waliamriwa kuhama na nyumba zao zikabomolewa. Serikali iliahidi Sh10,000 kwa kila familia ili ikatafute pa kukaa. Hatari ya kuishi ukingoni ilikuwa ya kweli, na watu walikuwa wamekufa. Lakini ukingo ukishasafishwa hupanda thamani. Asnières na Chatou leo ni vitongoji ambavyo kibarua wa Clichy wa mwaka 1884 asingeweza kulipia kodi.

Paris yenyewe ilipiga marufuku kuogelea katika Seine mwaka 1923. Jacques Chirac, alipokuwa meya, aliahidi kwamba ataoga humo mbele ya mashahidi, ila ahadi hiyo hakuitimiza. Ilichukua michezo ya Olimpiki ya 2024 na takriban euro bilioni 1.4 ndipo maeneo matatu ya kuogelea yakafunguliwa kwa umma tarehe 5 Julai 2025. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikwenda kwenye kingo zinazopigwa picha. Ilikwenda chini ya ardhi: kuunganisha nyumba na mashua za kuishi kwenye mabomba ya maji taka, kuboresha mitambo ya kusafisha, na kuchimba karibu na kituo cha Austerlitz tangi la mita za ujazo 50,000 la kuhifadhi maji ya mvua ili yasifurike mtoni pamoja na uchafu. Hata hivyo maji hupimwa kila siku, na mvua kubwa ikinyesha waogaji huzuiwa.

Kwa Nairobi, utaratibu huo una maana ya mambo yasiyopendeza kwenye mchoro wowote: mabomba yatakayofika Korogocho, Mukuru na Mathare ambako vyoo vingi humwagika moja kwa moja mitoni, viwanda vitakavyolazimishwa kusafisha maji yake kabla ya kuyaachia, na jaa la Dandora kuhamishwa, jambo ambalo limeahidiwa kwa zaidi ya miaka 20. Machimbo ya Njiru na Kayole hayamo kandokando ya mto, na ua wa kuyazunguka haungoji kukamilika kwa kilomita 27.